Chupa ya Shahidi

3 Machi

Dada Pua wangu,

Shikamoo. Najua simu zipo, lakini sisi ni watoto wa karani wa posta, na wewe mwenyewe hunikumbusha kila mara kwamba kwenye simu mtu hununua kwa haraka na kujuta polepole. Basi naandika, nimekalia kasha tupu humu ghalani, maana meza yangu imejaa kamba na karatasi za kufungia.

Nimepata kitu. Hapa kwenye nyumba ya mnada tumeletewa mali ya hakimu mmoja aliyefariki. Watoto wake hawanywi hata tone, wanataka divai zake zote ziuzwe nyumba ibaki wazi. Nyingi ni za kawaida tu. Ila chini kabisa, nyuma ya viti vilivyovunjika, kulikuwa na kasha la mbao lenye chupa kumi na mbili za divai nyekundu ya Bordo, Ufaransa, zilizozaliwa kabla yangu. Nimezimulika moja moja. Divai imefika juu shingoni, vizibo havijavuja, lebo zina madoa lakini zinasomeka. Hakimu alizilaza mahali penye giza na baridi, akazisahau, na kwa divai ya namna hii kusahauliwa vizuri ndiyo bahati.

Nilimfikiria papo hapo tajiri wako, anavyotaka ghala la chini la hoteli lijae vitu ambavyo wageni watakwenda kuvisimulia kwao. Nikakufikiria wewe zaidi. Wewe ndiye mtunza divai wake, na wewe ndiye uliyekuwa ukitunusa vidole mmoja mmoja ukajua nani kafunua sufuria, mpaka mama akakubandika hilo jina.

Desturi yako naijua: hununui kasha kabla chupa moja haijafunguliwa ikatoa ushahidi. Watoto wa hakimu walinuna kidogo, wakakubali. Chupa ya shahidi nimeifunga kwa mikono yangu na kumkabidhi dereva wa mizigo. Isimamishe mpaka mashapo yatue, kisha uniambie. Neno lako ndilo litakalonunua au kuacha.

Msalimu Shemeji.

Mdogo wako,
Mziwanda


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kukaa juu ya makasha kama bidhaa.

Shahidi amefika salama. Nilimsimamisha pembeni ghalani hadi mashapo yakatua, kisha jana nikashuka peke yangu, nikawasha mshumaa, nikaishika shingo ya chupa juu ya mwanga na kuimimina taratibu kwenye jagi la kioo. Nilipoona wingu la mashapo linakaribia mdomo wa chupa, nikaacha. Rangi ni ya tofali la zamani, imepauka pembeni kama inavyostahili umri wake. Harufu ni ya ajabu. Matunda meusi yaliyoiva, mwerezi, tumbaku, na vanila kwa mbali. Mdomoni ni laini, ina uzito, na ladha inakaa muda mrefu. Ni divai kubwa. Nunua kasha lote, usingoje wengine waamke.

Utauliza kwa nini nilionja peke yangu, maana zamani nilikuwa nikimwita mpishi na yeyote aliye karibu. Siku hizi kelele za jikoni zinanichosha. Tangu ile homa ya mwaka jana napenda utulivu. Ndio uzee huo, unabisha hodi.

Tajiri nimemwambia leo asubuhi. Alifurahi hadi akasahau kunikaripia kuhusu vitambaa vya meza. Anataka kulizindua ghala katikati ya Mei, wageni wake wakubwa wote waje, na mimi nimimine divai hii kwa mshumaa mbele yao na kuwaeleza wanachokinusa. Anasema ghala ni lake lakini pua ni yangu, na bila pua ghala ni stoo tu. Kwa miaka yote niliyomfanyia kazi, hajawahi kuniambia neno zuri kama hilo, na nimelishika.

Dada Pua


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Kama hujaifungua ile chupa, usiifungue. Kama umeifungua, usimwonjeshe mtu, hasa tajiri wako.

Humu ghalani tuna kasha jingine la divai hiyo hiyo, shamba hilo hilo, mwaka huo huo, ila lilikaa kwenye unyevu mpaka vizibo vikaingia ukungu. Kila chupa tuliyofungua humo imeoza harufu. Hatuziuzi. Tunaziweka kwa ajili ya wanafunzi wa mnada, wajifunze divai iliyoharibiwa na kizibo inanukaje, na tunazitia alama ya chaki chini ya kitako. Nilipokuwa nafunga mzigo wako, chupa mbili zilisimama juu ya meza moja. Sikugeuza kitako. Nimekutumia chupa ya mafunzo.

Nimejuaje? Leo mwalimu wa wanafunzi alichukua ile iliyobaki, naye hakugeuza kitako kwa kuwa aliniamini, akawaambia, "Sasa nuseni uozo." Akamimina. Glasi iliponifikia, Dada, nilisikia penseli iliyochongwa sasa hivi, mkoba wa ngozi, zambarau zilizokauka juani. Mwanafunzi mmoja akasema kama huu ndio uozo, basi yeye amekuwa akiishi vibaya. Mwalimu akageuza kitako cha chupa, akanionyesha: hakina chaki. Walikuwa wanamnywa shahidi wako.

Yako itanuka boksi lililolowa, na tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Hata Shemeji, ambaye kwake kila divai ni siki, atakimbia. Imwage, unisamehe. Kasha la hakimu lenyewe ni zima, hilo nimelisikia kwa pua yangu.

Mziwanda


31 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 19 imenifikia. Zetu zilipishana njiani. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mpaka sasa nimepigwa na butwaa.

Unasema matunda meusi. Unasema mwerezi. Nimerudi kwenye rafu nikageuza kitako cha kila chupa. Ya mafunzo imepungua moja, na iliyopungua ndiyo uliyonayo wewe, hakuna njia nyingine. Nilifungua nyingine ya kasha lile bovu ili nijiridhishe. Mlinzi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisogeza kiti chake hadi nje.

Basi niambie kilichotokea. Kuna mtu aliibadilisha njiani? Au hukuionja kabisa, ukaandika tu ili unifurahishe? Na maneno yenyewe si yako. Tangu uanze kazi hii hujawahi kuandika "matunda meusi". Wewe huandika "shati la baba Jumapili asubuhi", huandika "droo ya cherehani", na mtu anaelewa hata kama hajawahi kunywa. Haya ya juzi yameandikwa nyuma ya kila chupa duniani.

Sikutuhumu. Nimeshtuka, Dada, na mshtuko hautaki kunitoka.

Mziwanda


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeshtuka nini? Nilikuwa nakupima.

Kizibo kilipotoka tu nilijua umenitumia uchafu. Nikasema ngoja nimsifie, nione kama atasema kweli au atachukua sifa na kunyamaza. Umesema kweli hata kabla hujaipata barua yangu, basi umefaulu, hongera. Divai niliimwaga. Jambo limekwisha, na ningependa usinipeleleze kama askari wa barabarani anayetafuta kosa. Niliyekubeba mgongoni ni mimi.

Kasha la hakimu linunuliwe. Umelionja wewe, wanafunzi wako wamelionja, ushahidi umetosha. Tajiri ameshatuma idhini yake kwenye ofisi yenu. Lije mapema, chupa zipumzike baada ya safari.

Hapa tu wazima. Shemeji yako ananung'unika kama kawaida yake. Usimwandikie mambo haya, ana moyo mwepesi.

Dada Pua


13 Aprili

Shemeji Mziwanda,

Salaam nyingi. Si kawaida yangu kuandika, kazi hiyo ni yenu watoto wa posta. Mimi ni mwalimu wa jiografia mstaafu, najua tu barua zinapita wapi. Ila dada yako anafanya kazi kupita kiasi na mimi hanisikii. Labda wewe atakusikia.

Kwanza nikuchekeshe. Nilisafiri wiki nzima kwenda kusimamia mitihani. Narudi, nafungua mlango, narudi nyuma. Nyumba inanuka, Shemeji, inanuka kiasi kwamba macho yalinitoka machozi. Namkuta dada yako sebuleni, miguu juu ya kigoda, anasoma gazeti, ananiuliza mbona nimesimama mlangoni kama mgeni. Panya alikuwa amekufa nyuma ya kabati la vyombo, tena si panya wa jana. Namuuliza, hukusikia? Ananijibu alikuwa na mawazo ya uzinduzi. Huyu ndiye mwanamke ambaye zamani alinusa kola yangu akanitajia kinyozi niliyepita kwake.

Maziwa yaliyoharibika amenitilia kwenye chai mara mbili, yeye mwenyewe hunywa ya rangi. Sufuria iliungua hadi jirani akagonga ukuta, naye yuko chumba cha pili anapiga pasi. Manukato anajipulizia mpaka nafungua madirisha. Nikimwambia, ananiambia nimezeeka pua.

Mimi nasema ni uchovu, na hiyo hoteli ndiyo inayomchosha. Juzi nilimpelekea miwani yake aliyoisahau. Wanabomoa jikoni, wanatengeneza upya, na mitungi ya gesi wameihamishia kwenye ujia, juu ya ngazi za ghala lake. Mipira ya gesi imelazwa sakafuni, watu wanaikanyaga. Nikamwambia mpishi hapa pana hatari, akasema ni kwa muda tu. Dada yako alikuwa chini peke yake na mshumaa, anafanya mazoezi ya kumimina. Anakaa humo mpaka wanamsahau.

Mwandikie apumzike. Usimwambie nimesema mimi.

Shemeji yako,
Mwalimu


22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekupigia simu hupokei. Barua hii naituma kwa huduma ya haraka.

Nitauliza mara moja tu. Tangu lini husikii harufu?

Usinijibu kwamba unanipima. Jana nilikuwa nakula mkate, nikajua, nikauweka chini. Sikuweza kuumaliza. Kati ya watu wote, wewe.

Lakini siandiki kwa sababu ya divai. Nisikilize. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka, inatafuta mahali pa chini kabisa na kutuama humo kama maji kisimani. Mahali pa chini kabisa hotelini kwenu ni ghala lako, na mitungi iko juu ya ngazi zako. Mtu mwingine yeyote akifungua ule mlango atasikia harufu na kukimbia. Wewe utaufunga nyuma yako, utasimamisha chupa yako vizuri, halafu utawasha kiberiti.

Nilipoyaunganisha hayo nilichukua simu. Nimempigia Shemeji kwa kisingizio, nikamwomba awahimize waiondoe njiani hiyo mipira. Akasema mpishi ameahidi. Ahadi ya mpishi hainipi usingizi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha hadi kwa mumeo unayelala naye.

Usishuke tena na moto peke yako. Atangulie mtu mwenye pua. Usiponiahidi hivyo, nitamwandikia tajiri wako mwenyewe. Hutanisamehe, najua, na nitaandika hivyo hivyo.

Mziwanda


1 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Tangu ile homa. Ilipoondoka, iliondoka nayo. Mwanzoni nilidhani ni mafua. Siku moja nikaingia stoo ya jikoni hotelini, nikafunga mlango, nikafungua makopo yote, karafuu, mdalasini, kahawa, siki, nikayainamia moja moja. Yote yalikuwa hewa. Ulimi umeniachia chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Mengine yote niliyodhani ni ya ulimi kumbe yalikuwa ya pua. Daktari alisema huenda itarudi, huenda isirudi, akaniandikia dawa ya kupuliza.

Nilijifunza ujanja. Natazama rangi. Nasoma lebo. Namngoja mpishi aseme kwanza, halafu namkosoa kidogo ili nionekane nimesikia zaidi yake. Unajua kilichonitisha? Hakuna aliyegundua. Nimesema uongo kwa uso mkavu tangu mwaka jana, na watu wameinamisha vichwa na kuandika ninayosema.

Aliyekuandikia namjua, na najua hakuacha habari za panya. Ni kweli, nilikaa na mzoga ndani nikisoma gazeti. Mume wangu alipocheka nilicheka naye, kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie. Hata yeye simsikii tena. Nalala karibu na mtu asiye na harufu, kama nimelala na picha yake. Hilo ndilo linaloniliza, divai baadaye.

Kuhusu gesi, nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa kitako sakafuni. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeshuka na mshumaa. Sikuwa nimefikiria kabisa, nakuapia.

Sasa nakuomba jambo. Uzinduzi ni tarehe 16. Nikisema sasa, tajiri ataweka mtu mwingine, na ghala nililolijaza chupa kwa chupa atalizindua mgeni. Sina kazi nyingine ninayoijua. Hata jina sina jingine. Wewe umeionja divai ya hakimu. Niandikie inanukiaje, kwa maneno ambayo mimi ningeandika, nami nitayakariri. Jioni moja tu, niimalize kazi yangu nikiwa nimesimama, kisha nitaamua la kufanya.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Dada Pua


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Kasha limeondoka jana, chupa kumi na moja, nimegeuza kila kitako.

Nakubali kwa sharti moja. Siku hiyo, na kila siku, kabla hujawasha chochote humo ghalani, atatangulia mtu mwenye pua hadi ngazi ya mwisho. Mwambie sababu yoyote unayotaka: apange glasi, ashike tochi. Ukiona huwezi, barua hii ichane hapa, usisome zaidi.

Haya. Ikimiminwa tu, ni sanduku la baba la mihuri, siku alipolileta nyumbani kutuonyesha. Wino, gundi, na chuma baridi. Ikae kidogo, inafunguka: zambarau zilizokauka, sakafu ya saruji mvua ya kwanza ikiipiga, ndani ya kiatu kipya cha shule. Mwisho kabisa, glasi ikikaribia kuisha, kuna shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sijui inatoka wapi, ila ipo.

Nimeandika haya nikijiona mwizi. Kila neno ni la kweli, ila umelisikia kwa pua ya mtu mwingine. Siipendi kazi hii uliyonipa, nimeifanya kwa sababu ni wewe.

Mziwanda


21 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika.

Wageni walijaa hadi ukumbini. Tajiri alivaa suti mpya iliyombana. Chupa moja nilikuwa nimeisimamisha ofisini kwake ili waione wakiingia, zilizobaki zilikuwa chini. Maneno yako nilikuwa nimeyakariri mpaka Shemeji yako akaniuliza naongea na nani bafuni.

Kabla wageni hawajaitwa nilitaka kushuka peke yangu, niwashe mishumaa na kujituliza. Kiberiti kilikuwa mkononi. Nikafika mlangoni, nikakumbuka sharti lako, nikataka kulivunja, nikaona haya. Nikamwita mpishi anitangulie akapange glasi. Alilalamika, sufuria zake ziko motoni. Akashuka hata hivyo. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nakwambia, kwangu hewa ilikuwa hewa tu. Katikati ya ngazi alisimama. Akageuka, na ile sura yake sitaisahau. Alinisukuma kifuani kwa mikono miwili, akapiga kelele watu watoke na mtu asiguse swichi. Mpira mmoja ulikuwa umekanyagwa ukapasuka, gesi imeshuka mchana kutwa. Fundi aliyekuja baadaye alisema ilikuwa imejaa hadi rafu za juu.

Nami nilikuwa nimesimama hapo na kiberiti.

Wageni walitolewa uani, mitungi ikafungwa, milango ikaachwa wazi. Hakuna aliyeumia. Sasa sikia kilichofuata. Tajiri alipanda juu ya kiti akasema pua ya mtunza divai wake imeokoa roho zote zilizopo pale. Eti nilisikia gesi nikiwa mlangoni, ndiyo maana sikuwasha, nikamwita mpishi. Wakanipigia makofi. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akilia. Mtu akaileta ile chupa ya ofisini, ikafunguliwa hapo hapo uani, tajiri akanipa glasi mbele ya wote. Akasema, "Tuambie."

Maneno yako yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwona mpishi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ananitazama kwa shukrani. Yeye ndiye aliyeniokoa, na anaamini mimi ndiye niliyemwokoa. Nikajua kwamba kesho mpira mwingine ukipasuka atashuka bila wasiwasi, kwa sababu Dada Pua ameshatangulia. Wote wangeshuka nyuma yangu.

Nikamrudishia tajiri glasi. Nikamwambia, "Nusa wewe."

Akacheka. Akasema yeye hununua tu.

Nikamwambia, "Mimi sisikii harufu. Tangu homa ya mwaka jana sisikii kitu chochote. Nilikuwa naenda kuwasha kiberiti."

Yule mama aliondoa mkono wake begani mwangu polepole, nadhani hata hakujua kama anauondoa. Tajiri alitazama glasi, akatazama mlango wa ghala, akanitazama mimi, na nikajua anazipitia kichwani divai zote alizonunua kwa neno langu tangu mwaka jana. Mpishi alishika kichwa. Shemeji yako alikuwa nyuma ya watu. Sijawahi kuona mtu akishtuka vile, mdogo wangu. Panya, maziwa, sufuria, vyote vilimrudia kwa pamoja, na mimi nikiwa namtazama.

Funguo za ghala nilimkabidhi tajiri mkononi. Hakuzikataa. Juzi alimtuma mtu kuchukua koti langu la kazi, na nasikia anamtafuta mtunza divai mpya. Haki yake. Lakini inauma, sikufichi, inauma kuliko homa yenyewe, na asubuhi nikiamka navaa nusu kabla ya kukumbuka kwamba siendi popote.

Siku ile nilirudi na Shemeji yako. Tulipofika nyumbani alinizuia mlangoni kwa mkono. Akaingia peke yake. Nikamsikia jikoni anainamia jiko, anavuta pumzi kwa nguvu, anakohoa. Akaenda sebuleni, akaenda chumbani, akaenda hadi bafuni, mzee mzima na viatu vyake vya sherehe, ananusa kona moja baada ya nyingine. Kisha akarudi mlangoni nilipokuwa nimesimama, macho mekundu, akaniambia, "Pita."

Dada yako